Neno "Tafsiri" Mahakamani: Uhakiki wa Istilahi za Kesi ya Simu za Intaneti

Mwezi wa Juni 2006, kampuni ya Verizon, mojawapo ya makampuni makubwa kabisa ya simu nchini Marekani, iliifungulia kesi kampuni changa ya Vonage katika Mahakama ya Shirikisho iliyoko Alexandria, jimboni Virginia. Vonage ilikuwa ikiwauzia watu huduma ya kuzungumza kwa simu kwa njia ya intaneti, kwa bei nafuu kuliko ya simu za kawaida. Verizon ilisema kwamba namna mazungumzo hayo yalivyounganishwa ilikuwa imekwisha kusajiliwa kuwa uvumbuzi wake. Tumepata kuzisoma tafsiri kadhaa za Kiswahili za habari za kesi hii na za nyingine zilizofanana nayo, na karibu zote zimetuacha na shaka ileile: msomaji asiyejua Kiingereza hawezi kufahamu kutokana nazo ni kitu gani hasa kilichobishaniwa. Hatutawataja waliozifanya. Makosa yao mengi wameyarithi kutoka katika orodha za maneno tunazozitumia sote, nasi tunazihakiki orodha hizo, si wao.

Jambo hili lisingetushughulisha sana kama lingekuwa la magazeti peke yake. Lakini tangu mwaka 2021, Bunge la Tanzania lilipobadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, maneno haya si mapambo tena ya habari za ng'ambo. Haitakawia fundi wa Mwanza au wa Kariakoo kusimama mbele ya jaji, riziki yake ikitegemea maana ya neno moja, na neno lenyewe litakuwa la Kiswahili.

Tuanze na jina la kitu. Kilichobishaniwa Alexandria kilikuwa hataza. Neno hili lipo, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni hulitumia, na kwa maoni yetu halina kasoro isipokuwa kwamba wengi hawalijui. Kwa kulikwepa, waandishi huangukia katika mojawapo ya maneno mawili jirani. Wa kwanza huandika hakimiliki. Hakimiliki ni ulinzi wa kazi ya sanaa au ya maandishi: kitabu, wimbo, picha, na hata programu ya kompyuta kwa jinsi ilivyoandikwa. Humwangukia mtunzi mara tu anapotunga, bila ya kuiomba popote. Hataza haiji hivyo. Huombwa, huchunguzwa, hutolewa kwa hati, na huko Marekani kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu siku ombi lilipowasilishwa. Tena ipo tofauti kubwa zaidi ya hiyo. Mtu akitunga wimbo unaofanana na wa mwenziwe bila ya kuwahi kuusikia, hana kosa. Lakini fundi akibuni kwa akili yake mwenyewe, bila ya kumwiga yeyote, njia ambayo imekwisha kupewa hataza, huwa ameikiuka hataza hiyo vilevile. Anayeandika hakimiliki mahali pa hataza amemficha msomaji jambo hili, nalo ndilo linalozifanya kesi za namna hii ziwe nzito kwa makampuni machanga.

Wa pili huandika hatimiliki. Mwambie Mtanzania kwamba kampuni fulani imetumia hatimiliki tatu za kampuni nyingine bila ya idhini, naye atauliza viwanja hivyo viko mtaa gani.

Kutokana na mchanganyiko huo limezaliwa neno baya kuliko yote mawili, yaani wizi. Tarehe 8 Machi 2007 juri ya Alexandria iliamua kwamba Vonage ilikuwa imekiuka hataza tatu za Verizon. Juri hiyohiyo ilikataa kusema kwamba Vonage ilifanya hivyo kwa makusudi. Mwandishi anayesema kwamba Vonage "iliiba" ametoa hukumu ambayo waliousikiliza ushahidi wote hawakuitoa. Kukiuka na ukiukaji ni maneno yaliyopoa, hayaamshi hisia, na kwa sababu hiyo hasa ndiyo yanayofaa.

Ama kuhusu hao walioamua, tumeona wakiitwa wazee wa baraza. Hapa mfasiri amejitahidi kuleta kitu cha nyumbani, nasi tunamsifu kwa nia, ila kitu alicholeta sicho. Wazee wa baraza, kama Mahakama Kuu yetu ilivyowazoea, walikuwa watu wa kutoa maoni, na jaji hakufungwa na maoni hayo. Juri ya Marekani huamua mambo ya hakika, na katika kesi hii ndiyo iliyotaja fidia ya dola milioni 58 pamoja na mrabaha wa asilimia 5.5 kwa mapato ya baadaye. Msomaji akiambiwa kwamba wazee wa baraza walitaja dola milioni 58, atadhani kwamba jaji angeweza kuyaweka maoni hayo kando na kuamua alivyoona mwenyewe. Afadhali juri, ingawa ni neno la kuazima.

Sasa twende kwenye simu zenyewe. Huduma ya Vonage imeitwa "simu za mtandao", na jina hili limeenea kiasi kwamba kulipinga ni kama kupiga maji kinu. Hata hivyo tunalipinga. Katika Kiswahili cha leo mtandao ni intaneti, mtandao ni kampuni ya simu, ndiyo maana watu huulizana "unatumia mtandao gani?", na mtandao ni mfumo wowote wa nyaya na mitambo iliyounganishwa. Basi simu gani isiyo ya mtandao? Katika habari nyingine utata huu ungevumilika. Katika kesi hii hauvumiliki, kwa kuwa uvumbuzi uliobishaniwa ulihusu kuvuka kutoka mtandao wa aina moja kwenda mtandao wa aina nyingine. Upande mmoja upo mtandao wa simu wa umma, wenye namba za simu tunazozijua. Upande wa pili upo mtandao ambamo sauti hukatwa vipande vidogovidogo, kila kipande kikatiwa anwani na kupelekwa peke yake, kisha vikaunganishwa upya mwisho wa safari. Pande zote mbili zikiitwa mtandao bila ya kubainishwa, mvuko hauonekani, na msomaji hubaki akijiuliza watu wazima wanagombania nini.

Wapo waliojaribu kuubainisha huo wa pili kwa kuuita "mtandao wa vifurushi". Kwa kamusi, kifurushi ni neno zuri sana: kitu kidogo kilichofungwa. Lakini makampuni ya simu yamekwisha kulichukua. Kifurushi sasa ni dakika na data anazozinunua mtu kwa siku au kwa wiki, na mtandao wa vifurushi ni ule wenye bei nzuri. Lugha ina mwenyewe, naye ni yule aliyepo sokoni. Sisi wa orodha huja nyuma yake. Tunapendekeza pakiti, ambayo watu wanaijua kwa maziwa na kwa chumvi, na ambayo hakuna aliyeitia maana nyingine katika mambo ya simu. Huduma yenyewe iitwe simu za intaneti.

Tumefika sasa kwenye neno lililotufanya tuandike. Hataza mbili kati ya zile tatu zilihusu kazi ya seva inayowezesha wito kumfikia anayepigiwa. Kwa ufupi, seva hupokea ombi lenye jina, hulitazama jina hilo, kisha hurudisha jibu lenye namba au anwani ya kupelekea wito. Kwa kitendo hicho cha kutoka kwenye jina kwenda kwenye namba au anwani, hataza zilitumia neno la Kiingereza ambalo kila siku sisi hulitafsiri kuwa "tafsiri". Mabishano yakawa juu ya upana wa neno hilo. Vonage ilitaka lifungwe ndani ya maana nyembamba: kutoka katika itifaki ya ngazi ya juu kwenda katika itifaki ya ngazi ya chini, kama vile kutoka katika jina linalosomwa na binadamu kwenda katika anwani ya tarakimu inayosomwa na mashine. Chochote kisichofuata mteremko huo kisingekuwa tafsiri, na Vonage ingepata mwanya. Jaji wa Alexandria hakukubali kulifunga neno namna hiyo. Suala lilipofika katika Mahakama ya Rufani ya Shirikisho inayosikiliza rufani za hataza huko Washington, mahakama hiyo nayo, kwa hukumu yake ya tarehe 26 Septemba 2007, iliona kwamba hakuna kilichomo katika maelezo ya hataza kinacholazimisha ufinyu huo. Kwa hataza hizo mbili, Vonage ilishindwa.

Na tujiweke katika nafasi ya mfasiri. Aandike nini? Wa kwanza ameandika kwamba seva "hutafuta" namba kutokana na jina. Ni Kiswahili safi, na kwa fundi wa mitambo ni kweli tupu, maana seva ina jedwali lake na hulipekua kama karani apekuavyo daftari. Lakini anayetafuta habadili kitu. Mfasiri huyu, pasipo kujua, amewafungulia wanasheria wa kampuni changa hoja ambayo katika Kiingereza hawakuwa nayo. Wa pili ameandika "kugeuza". Hapo jina linakuwa kama mahindi yanayogeuzwa unga: la kwanza linatoweka, la pili linachukua mahali pake. Jina la mwenye simu halikutoweka. Lilibaki palepale kwenye jedwali, na namba ikaletwa kando yake. Neno hili nalo limetoa hukumu, ila kwa upande wa pili. Wote wawili ni wafasiri hodari, nao wameketi kwenye kiti cha jaji bila ya kualikwa.

Kwa sababu hiyo tunashauri kwamba seva iachiwe neno "kutafsiri". Tunajua kwamba kuna watakaocheka, wakisema tafsiri ni kazi ya lugha, si ya mashine zinazopeana namba. Tunawajibu kwamba upana huo huo usio na mipaka ya wazi ndio uliokuwamo katika neno la Kiingereza, na ndio uliofikishwa mahakamani. Neno la kila siku lililobishaniwa kwa sababu ya upana wake halitafsiriwi kwa istilahi iliyochongwa ikachongoka. Likitafsiriwa hivyo, ugomvi wenyewe hufutika, na hukumu ya kurasa nyingi husomeka kama mabishano ya wendawazimu.

Kinabaki kikwazo kimoja, nacho kimetusumbua sana. Mahakama nayo "hutafsiri": hutafsiri sheria, hutafsiri mkataba, hutafsiri hataza. Katika asili yake ya Kiarabu neno hili ni la kueleza na kufafanua, na kazi ya jaji iko karibu na asili hiyo kuliko kazi ya mkalimani. Lakini tukiandika kwamba "mahakama ilitafsiri neno tafsiri", tumemfunga msomaji macho kwa kitambaa. Hapa tunaomba wanasheria wakubali kurudia fasiri. Mahakama ifasiri, seva itafsiri. Hatujidanganyi kwamba wasemaji wote huyatofautisha maneno haya mawili. Kamusi nyingi huyaweka bega kwa bega, na sisi wenyewe katika makala hii tumesema "mfasiri" tukiwa na maana ya mtu wa tafsiri. Tofauti hii itakuwa ya kubuniwa, yenye manufaa ndani ya vyumba vya mahakama tu. Tunaona inafaa ilipwe gharama hiyo.

Hataza ya tatu, yenye namba 6,359,880, ilikuwa na mkasa mwingine. Hiyo ilihusu lango lisilotumia waya, yaani kituo kidogo cha kuunganisha simu ya mkononi na mtandao wa pakiti. Kuhusu lango hatuna ubishi: neno la Kiswahili limekaa vizuri kuliko mengi yaliyobuniwa. "Lisilotumia waya" ni refu, lakini halimpotezi mtu, na kwa vyovyote ni afadhali kuliko "simu ya upepo", ambayo wazee wetu waliitumia kwa mitambo ya polisi na ya meli. Inachekesha kidogo kukumbuka kwamba simu yenyewe, kwa asili yake ya Kiajemi, ni waya.

Taabu ilikuwa katika maneno mawili mengine. Maelezo ya hataza hiyo, yalipokuwa yakieleza "uvumbuzi huu", yalisema kwamba lango huibana sauti, huibanua, na huipeleka na kuipokea katika pakiti. Jaji wa kwanza hakulihesabu hilo kuwa sharti. Mahakama ya Rufani ikasema kwamba hataza inapoeleza sifa za uvumbuzi huu kwa ujumla wake, maelezo hayo huuwekea mipaka uvumbuzi wenyewe. Tumeona mahali fulani maneno hayo yakitafsiriwa "uvumbuzi uliopo", na mahali pengine "uvumbuzi wa sasa". Uvumbuzi uliopo ni ule ambao tayari upo duniani, yaani kinyume kabisa cha kile anachokidai mvumbuzi. Uvumbuzi wa sasa ni wa siku hizi, tofauti na wa zamani. Hoja yote ilikuwa katika kionyeshi "huu", silabi mbili tu kwa masikio yetu, na mfasiri aliyekidharau ameipoteza sababu ya hukumu.

Na matokeo hayakuwa madogo. Kwa kuwa juri ilitaja fidia moja kwa hataza zote tatu bila ya kuigawa, mahakama ilipoondoa uamuzi juu ya hataza moja ililazimika kuiondoa fidia yote ya dola milioni 58, na mrabaha pamoja nayo, irudi Alexandria ikahesabiwe upya. Haikuhesabiwa. Pande mbili zilipatana mwezi wa Oktoba, na baada ya ombi la Vonage la kusikilizwa tena kukataliwa mwezi uliofuata, gharama yake ilifika dola milioni 120. Wakati huohuo kampuni ya Sprint ilikuwa imeshinda huko Kansas, tarehe 25 Septemba, dola milioni 69.5, wakapatana kwa milioni 80; na AT&T, iliyofungua kesi yake Oktoba, ilipatana na Vonage kwa milioni 39. Kwa mwaka mmoja, kampuni iliyokuwa haijapata kuona faida iliahidi kulipa zaidi ya dola milioni 200.

Kuna neno jingine ambalo katika hesabu hizo hutafsiriwa kwa urahisi kupita kiasi, nalo ni leseni. Kwetu leseni hutoka kwa serikali. Kampuni kubwa za simu za Afrika Mashariki hazikuhitaji hataza ili kujikinga na wanaouza simu za bei nafuu. Zilikuwa na haki ya pekee kwa sheria na leseni, Telkom Kenya hadi mwaka 2004 na TTCL hadi mwaka 2005, na aliyepitisha wito wa nje kwa intaneti bila ya ruhusa alikuwa na kesi na mamlaka ya mawasiliano. Msomaji mwenye kumbukumbu hiyo akiambiwa kwamba Vonage "haikuwa na leseni", atadhani ilifanya biashara ya magendo. Haikuwa hivyo. Leseni inayosemwa ni ruhusa ya mtu binafsi mwenye hataza, anayoitoa kwa bei anayoitaka. Tunapendekeza idhini ya hataza, na leseni iachwe kwa mamlaka. Mrabaha hauna dhambi hiyo: ingawa wengi wanaujua kwa madini, unamaanisha malipo kwa mwenye mali kwa kila kinachotumika, na ndivyo ilivyo hapa.

Tumeliacha mwisho lile tusilokuwa na jibu lake. Kila hataza humalizikia kwa sentensi zenye namba, ambazo hutamka kwa usahihi ni nini mwenye hataza anakimiliki. Juri haiulizwi kama hataza imekiukwa kwa ujumla. Huulizwa juu ya sentensi fulani za namba fulani. Wanasheria wetu huziita madai. Lakini dai katika Kiswahili ni jambo ambalo halijakubaliwa. Gazeti likiandika kwamba mtu "anadai", limekwisha kujitoa katika dhamana ya maneno yake. Dai ni deni pia. Na kesi yenyewe ni ya madai. Basi mtu huandika kwamba Verizon ilidai katika kesi ya madai kwamba madai yake yamekiukwa, na hakuna mwalimu wa lugha awezaye kuiokoa sentensi hiyo. Hataza ikishatolewa, sentensi zile ni haki inayotambuliwa mpaka mahakama itakapoitengua. Zinafanana zaidi na mawe ya mpaka, au na ule mstari wa minyaa unaotenga shamba na shamba.

Miongoni mwetu wapo wanaoona kwamba "dai la hataza" limekwisha kuzoeleka na kwamba kulibadili sasa kutaleta vurugu kuliko faida. Wengine wamependekeza "kifungu cha mipaka", ambalo ni refu na linaweza kudhaniwa kuwa ni kifungu cha sheria. Mwenye lililo bora atuandikie kabla ya orodha kuchapwa upya. Tungefurahi hasa kupata barua za wapima ardhi, ambao kwa muda mrefu wamekuwa wakiwaandikia watu mipaka kwa Kiswahili, na wakulima wakaielewa.